Siku Tatu Nikiifukuza Saini ya Ustadh Seif

Tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja: jikoni, kwenye foleni ya maktaba, na Mwajuma hata nikiwa bafuni na sabuni machoni. "Hivi kweli ulizunguka nchi ya watu siku tatu kwa ajili ya saini moja?" Kila mmoja nimempa kipande, na sasa naona vipande vyenu vimeanza kugombana. Basi nakaa chini leo niandike yote kwa mpigo, msome, mcheke, halafu mniache nipumue.

Mambo ya viza, tiketi na chanjo nayaruka, hayana ladha. Mnachotakiwa kukijua ni kimoja tu. Mwongozo wetu wa wanafunzi wanaosoma nje unasema somo lililofundishwa chuo cha kigeni litatambuliwa nyumbani endapo limefikia saa arobaini na tano, na fomu ya karatasi iwe na saini ya mkono ya mwalimu aliyelifundisha. Mimi kule Nizwa, Oman, nilisoma mifereji ya umwagiliaji kwa saa arobaini na mbili. Tatu zilipotea siku ile mvua ilipojaza wadi, lile bonde kavu linalopita kati ya mji, barabara ikakatika na chuo kikafungwa. Mwalimu alisema tutazifidia. Hatukuzifidia. Muhula ukaisha, mwalimu akaenda zake Sharqiyah, upande wa mashariki, kwa ndugu, na mimi nikabaki na fomu yenye mihuri yote isipokuwa saini yake. Mwisho wa kutuma picha yake kwenye ofisi yetu ulikuwa Alhamisi saa kumi jioni. Ikipita hapo somo limekufa, na somo hilo likifa narudia mwaka. Nyinyi mngevaa majoho, mimi ningewashikia mikoba.

Mwalimu mwenyewe ni Ustadh Seif, mzee wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka akiwa mtoto, mhandisi mstaafu anayefundisha kwa sababu kukaa bure kunamuumiza magoti. Kiswahili chake ni kile cha mabibi zetu wa zamani, kimehifadhiwa vizuri kama nguo ya Idi. Jumatatu nilimwandikia ujumbe wa simu. Kwa adabu niliyolelewa nayo Morogoro, nilianza na salamu, nikamuulizia afya, safari, dada yake na hali ya hewa, kisha ndipo nikaeleza habari ya fomu. Simu ya mzee huonyesha mistari mitano ya kwanza tu, mingine mpaka uguse palipoandikwa "soma zaidi". Ustadh Seif hajawahi kugusa hapo maishani mwake. Akanijibu: "Wa alaykum salaam, sote wazima, ahsante kwa kutujali."

Nikapiga.

"Mwanangu Rehema! Khabari za Nizwa? Kuna jambo?"

"Hakuna Mwalimu, nzuri tu. Nilitaka kukusalimia."

Msinicheke. Nani kati yenu angeanza na shida? Nilikuwa nangoja aseme "haya, lete maneno", kama tunavyofanya huku. Yeye akasema, "Mie niko Ibra kwa dada yangu Zuwena. Karibu sana, nyumba yenu," akakata simu kwa furaha.

Nizwa mpaka Firq, dakika kumi na saa sita

Jumanne asubuhi nikapanda teksi ya kuchangia ya kwenda Ibra, fomu imo kwenye bahasha ya plastiki, bahasha nimeikumbatia. Firq ni kitongoji tu cha Nizwa, hata hujamaliza kufunga mkanda umeshafika. Hapo ndipo gari lilipoanza kutoa moshi.

Kwa bahati, kama kuna mahali pa gari kuharibika, ni Firq. Magereji yamepangana pande zote. Kwa bahati mbaya, kila fundi alikuwa na maoni yake. Wa kwanza alisema ni rejeta, wa pili akasema ni pampu ya maji, wa tatu akaanza kulifungua upande ambao hakuna aliyeutaja. Abiria wenzangu wawili walipata lifti wakaondoka. Mimi nikakaa juu ya tairi na bahasha yangu, nikitazama saa ikila Jumanne yangu.

Fundi wa matairi aliniona nimenuna akaniletea chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi na chapati iliyokunjwa na yai, jibini na chipsi za pakiti zilizopondwapondwa ndani. Jamani, hiyo chapati! Nimejaribu kuitengeneza hapa bwenini, mnajua ilivyotoka. Akaionyesha bahasha kwa kidole, akaniuliza kwa ishara kama hizo ni karatasi za gari. Nikamwambia ni karatasi za maisha yangu. Hakuelewa neno hata moja, lakini aliniongeza chai.

Tuliondoka Firq alasiri kwa pampu mpya. Milima ilibaki nyuma na nchi ikawa tambarare ya changarawe, na mimi nikajipanga: nitafika, nitasalimia, nitasainiwa, kesho nitarudi.

Ibra, ambako simu iliita jikoni

Nilifika magharibi. Bi Zuwena alinipokea mlangoni, mama mnene mwenye macho ya kucheka, dada mkubwa wa Ustadh.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu, marahaba! Pita, pita. Zaituni! Lete kahawa, mgeni kaja!"

Nikakaa juu ya zulia. Zikaja tende, ikaja kahawa kwenye vikombe visivyo na masikio. Bi Zuwena akaniuliza khabari za Nizwa, nikasema nzuri. Khabari za masomo, nzuri. Khabari za kwenu Bara, nzuri. Nikangoja aniulize kilichonileta. Yeye akanimiminia kahawa. Nikangoja tena. Akanisogezea halwa. Mwishowe nikamuuliza mwalimu yuko wapi.

"Seif? Kaondoka adhuhuri. Kenda Al Qabil kuangalia mitende ya marehemu kaka yetu. Atarudi Ijumaa, inshallah."

Ijumaa! Nikatoa simu, nikampigia palepale. Simu ikaita jikoni. Akatoka Zaituni, dada wa Kitanzania anayefanya kazi pale nyumbani, kaishika mkononi inaimba. "Kaisahau kwenye chaji," akasema. Tukatazamana. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu ninayemtafuta yumo jangwani hana simu, na saa zangu zinahesabika.

Sasa hapo, mtu mwenye akili angesema: Bibi, nina shida. Mimi nilisema, "Aa, ningependa sana kumwona mzee mapema kidogo. Kabla ya Ijumaa. Nimsalimie."

Bi Zuwena akanitazama. Akaitazama bahasha niliyoikumbatia. Akamtazama Hilal, mpwa wake, kijana mrefu wa benki aliyekuwa kwenye likizo na aliyekuwa anakula tende pembeni bila ya kumdhuru mtu.

"Kabla ya Ijumaa," akarudia pole pole. "Wataka kumwona mzee wetu mwenyewe. Na karatasi zako zote umezichukua?"

"Zote, Bibi. Na mihuri."

"Mashallah," akasema. Uso ulimng'aa. "Basi hutokwenda peke yako. Kesho twende sote. Hilal atatuendesha."

Nilifurahi mpaka nikambusu mkono. Nilifikiri ni ukarimu wa Kiomani, na kweli ulikuwa ukarimu, ila ulikuwa na kichwa chake na miguu yake.

Jumatano asubuhi sikuiona barabara, niliona soko. Ibra kila Jumatano kuna soko la wanawake watupu, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume akichungulia hurudishwa kwa macho tu. Hilal aliachwa ndani ya gari. Bi Zuwena akanishika mkono akanipitisha meza kwa meza, kwa udi, kwa hina, kwa mapambo ya suruali za kike, na kila tulipofika alimnong'oneza muuzaji kwa Kiarabu, na muuzaji akanitazama kutoka utosini hadi kwenye ndara.

"Hebu chagua kitambaa."

"Cha nani Bibi?"

"Chagua tu. Kikupendezacho."

Nikachagua cha kijani chenye nyuzi za dhahabu, nikidhani ni cha mjukuu wake. Wale kina mama wakapiga vigelegele viwili vitatu. Nikasema moyoni, hawa watu wanafurahia biashara kweli. Zaituni alikuwa nyuma yetu amebeba kikapu, amejiziba mdomo kwa mtandio. Nilidhani ni vumbi.

Al Qabil, usaili

Al Qabil si mbali na Ibra, mashamba ya mitende na kuta za udongo. Tulifikia kwa binamu yake Bi Zuwena, ambaye alitupokea na kutuambia kabla hatujavua viatu kwamba Seif alikuwapo, kalala, kanywa kahawa ya asubuhi, na sasa hivi tu kaenda Sur kumjulia hali rafiki yake mgonjwa.

"Sasa hivi lini?" niliuliza.

"Sasa hivi, baada ya alfajiri."

Nilitaka turudi garini, lakini lilikuwa limeshatandikwa sinia la wali na nyama ya mbuzi, upana wake kama gurudumu la trekta. Walikuwapo wanawake saba. Nikala katikati yao, na wakaanza kuniuliza maswali, yule binamu akiuliza kwa Kiswahili kwa niaba ya wote.

"Wapika?"

"Napika sana," nilisema. Kumbukeni nilikuwa mgeni wa chuo, na tuliambiwa kwenye semina ya kuondoka kwamba mwanafunzi wa kubadilishana ni balozi wa nchi yake.

"Kwenu mko wangapi?"

"Sita, na mimi ni wa kwanza."

"Waamka alfajiri?"

"Kabla ya alfajiri, Bibi." Mnaolala chumba kimoja na mimi nyamazeni.

"Na ukishamaliza masomo, utakaa huku au utarudi?"

"Popote nitakapohitajika," nilisema, kama nilivyoandika kwenye barua yangu ya maombi. Wote saba wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akanipaka mafuta ya udi nyuma ya sikio. Hilal, aliyekuwa chumba cha wanaume, alipotoka alikuwa amepauka, hakunitazama usoni mpaka Sur.

Sur, samaki na ukweli

Mmeshajua wenyewe nitawaambia nini. Ustadh alikuwa ameondoka Sur saa moja kabla hatujafika. Rafiki yake mgonjwa alituambia akiwa kitandani, na alionekana mwenye afya kuliko mimi. "Kenda Jalan Bani Bu Ali," alisema. "Kesho Alhamisi ndo zamu yake ya maji shambani. Zamu hiyo Seif haikosi, hata angekuwa anamwoza binti yake."

Tukalala kwa jamaa wa Bi Zuwena. Kulikuwa na samaki wa kuchoma na mchuzi wa ndimu kavu, na sikuonja ladha yake. Nilijaribu kusema. Wallahi nilijaribu. Nilifungua kinywa mara mbili, na kila mara mwenye nyumba alinijazia sahani na kuniuliza khabari, na mdomo wangu wenyewe, bila ruhusa yangu, ukasema nzuri.

Alhamisi asubuhi niliingia jikoni nikamkuta Zaituni anaosha vikombe. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta, na machozi yakanitoka juu ya vikombe vya watu. Nikamwambia yote, saa tatu, fomu, saa kumi jioni, mwaka wangu. Zaituni akaweka kikombe chini.

"Saini?" akasema. "Mdogo wangu, unataka saini tu?"

"Sasa nitake nini tena?"

Akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi akanieleza. "Hawa watu mgeni hawamuulizi haja yake. Kwao ni aibu, kama unamfukuza. Mpaka siku ya tatu. Na wewe Mswahili wa Morogoro husemi mpaka uulizwe. Basi mama mwenyewe kajijibu. Msichana katoka Nizwa peke yake, anamtaka mzee wa ukoo, karatasi kazikumbatia, hataki kungoja hata Ijumaa. Kaona umekuja kwa ajili ya Hilal."

Kikombe kiliniponyoka. Hakikuvunjika, ila nilitamani mimi nivunjike.

"Na wewe ulijua?"

"Mimi nilidhani kweli! Kile kitambaa ulikichagua mwenyewe."

Kutoka Sur, siku ya tatu

Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya chai, kisha kwa sababu ya halwa ya kupeleka Jalan, kisha kwa sababu halwa ilisahauliwa. Garini nilikaa nyuma na Zaituni, nikipanga maneno. Sikuhitaji. Tulipoanza kuona mchanga wa njano upande wa kulia, Bi Zuwena aligeuka akanitazama kwa upole mkubwa.

"Haya mwanangu Rehema. Leo siku ya tatu. Haja yako nini?"

Yakanitoka yote kwa pumzi moja. Wadi, saa arobaini na mbili, mwongozo, saini, saa kumi. Nikamalizia kwa kusema Hilal ni kijana mzuri sana na sina neno naye.

Hilal alikanyaga breki katikati ya barabara. Ngamia wawili waliokuwa pembeni waligeuza shingo.

"Alhamdulillah!" akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

"Ungeitoa hiyo kwa staha kidogo," nilimwambia.

"La, ukhti, si vibaya. Mimi iko na mtu. Iko Bidiyah. Yaani, khala wangu huyu hajui bado."

"Sasa najua," alisema Bi Zuwena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na akacheka mpaka shela ikamteleza. "Saini! Yarabi! Watu saba wa Al Qabil wamekwisha kukupitisha. Mbona hukusema toka Jumanne?"

"Mbona hukuuliza, Bibi?"

Akaiweka shela yake sawa. "Kweli," akasema. "Hilal, kanyaga."

Jalan Bani Bu Ali, zamu ya maji

Tulimkuta shambani saa saba na nusu mchana, chini ya mitende yake, kanzu ameipandisha magotini, jembe mkononi, anatazama mfereji mkavu kama mtu anayengoja treni. Safari hii niliamua kutorudia kosa. Nilikimbia nikinyoosha bahasha.

"Mwalimu, saini! Saa kumi!"

Ustadh Seif akanitazama kwa mshangao. "Na shikamoo umeiacha Nizwa?"

"Shikamoo."

"Marahaba." Akavaa miwani, akaisoma fomu yote, mbele na nyuma, maana karatasi haina "soma zaidi". Kidole chake kikasimama. "Hapa wanataka nithibitishe saa arobaini na tano. Nimekufundisha arobaini na mbili."

"Tatu zilichukuliwa na wadi, Mwalimu."

"Najua. Nilikuwapo. Basi wataka niandike kama nilizifundisha?"

Ndiyo, hicho ndicho nilichotaka, na nchi nzima niliivuka nikiwa sijaliona jambo hilo. Nilidhani kinachokosekana ni wino.

"Mie sitii saini kwa kisichokuwapo," akasema, si kwa ukali. Wakati huohuo tukasikia sauti ndogo kwenye mfereji, kisha maji yakaja, membamba, yakisukuma majani makavu mbele yake. Uso wake ukabadilika. "Yamefika. Zamu yangu ni saa tatu kamili, athar sita, kila moja nusu saa. Vua viatu, Rehema. Saa ulizozikosa hizi hapa."

Nimesoma mifereji kwa muhula mzima ubaoni. Siku ile niliisoma kwa miguu. Alisimika fimbo ardhini, akapanga mawe sita kwenye njia ya kivuli, na kila kivuli kilipogusa jiwe tulihamisha maji kitalu kingine. Unaziba kwa jiwe, tambara na udongo, unafungua kule, na usipoziba vizuri yanakukimbia, na yakikukimbia hakuna wa kukurudishia. Nilianguka mara mbili. Bi Zuwena aliketi kivulini akilalamika kwamba mgeni hajala, na kila nilipopita alinitia tende mdomoni kama anapachika barua.

Kwenye jiwe la tatu Ustadh akaniuliza swali. Mwaka wa ukame, maji yakipungua, nani hupunguziwa? Nikaanza kueleza kanuni ya uwiano, na michoro hewani.

"Hakuna," alisema Zaituni. Alikuwa ameingia mferejini bila kuambiwa, gauni limefungwa kiunoni, na mlango wake wa udongo ulikuwa hauvuji hata tone. "Saa hazipunguzwi. Kila mtu ana saa zake zilezile, maji yaliyomo humo ndo riziki yake. Kwetu Upare tuna ndiva, bwawa la ukoo juu mlimani. Mgawo hivyo hivyo. Babu yangu alikuwa ndo mfunguaji."

Ustadh Seif aliacha jembe. Mara nikawa mwanafunzi wa watu wawili. Aliuliza, Zaituni akajibu, Zaituni akauliza, mzee akajikuna kichwa. Zaituni alichora bwawa la Upare kwenye matope, jinsi wanavyoliziba usiku na kulifungua alfajiri, na ni nani anayetozwa faini ya mbuzi akiiba zamu. Miaka minne kapika kahawa kwenye nyumba ya dada wa mtu huyu, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Niliona aibu, kwa sababu hata mimi siku mbili nzima nilikuwa nimemwona kama mtu wa kubeba kikapu. Tuliswali alasiri kwa zamu, mmoja wetu akilinda maji.

Kivuli kilipogusa jiwe la sita, Ustadh alifunga mlango wake palepale, ingawa kitalu cha mwisho kilikuwa bado hakijalowa vizuri. Kutoka hapo maji yalikuwa ya jirani. Akanawa mikono, akaomba kalamu, akaandika arobaini na tano kwa tarakimu na kwa maneno, akatia saini.

Nikaangalia simu. Saa kumi na nusu.

Sijui nilipiga kelele gani. Nilikaa palepale kwenye matope. Nusu saa! Nilikuwa na karatasi ya haki kabisa, na imechelewa nusu saa. Nilimfikiria mama, aliyekwisha kuwaambia majirani mwezi na tarehe ya mahafali. Niliwafikiria nyinyi.

"Unalilia nini?" aliuliza Zaituni.

"Saa kumi imepita!"

"Imepita huku. Kwetu sasa hivi ni tisa na nusu."

Mimi niliyekaa miezi minne kule, ninayewatumia nyinyi ujumbe wa sauti wakati wowote unaonijia, sikuwa nimeikumbuka ile saa moja. Yeye hakuhitaji kukumbuka. "Yusra wangu anatoka shule saa hizi," alisema. "Kila siku nampigia akiingia tu mlangoni. Sijakosea hata siku moja."

Nikaipiga fomu picha. Simu yangu haikuwa na mtandao hata kijiti kimoja katikati ya mitende ile. Laini ya Zaituni ilikuwa nayo. Alikuwa ameishika mkononi tayari, jina la mwanawe liko juu ya kioo, kidole kimeinuliwa. Akaitazama. Akanipa.

Picha ilikataa mara mbili, ikapanda mara ya tatu, taratibu, na sote wanne tukainamia kile kioo, Bi Zuwena akisoma dua kwa sauti. Dakika kumi na tatu baadaye ofisi yetu ikajibu neno moja: imepokelewa. Hilal akapiga honi huko barabarani, hata sijui nani alimwambia.

Ndipo nikamrudishia simu. Alisogea kando akapiga, na nikasikia sauti ya mtoto, ndogo lakini wazi, haikusalimia wala haikusema nzuri. Ilisema, "Mama, umechelewa leo."

Kurudi

Kurudi hakukuwa na kisa. Chakula cha mchana tulikila magharibi. Kitambaa cha kijani nilijaribu kukirudisha, Bi Zuwena akasema chake kikishatoka hakirudi. "Kishone siku unayohitimu," aliniambia. "Na siku ukija tena, haja yako useme mlangoni. Mie nitajifanya sikusikia mpaka siku ya tatu." Hilal aliniteremsha Nizwa akiwa mchangamfu kupita wote, na nimesikia watu wa Al Qabil sasa wanamsaili msichana wa Bidiyah.

Jana nimepata matokeo. Somo limetambuliwa, saa arobaini na tano, mwaka wangu mzima. Nimetuma habari Ibra, na safari hii niliandika jambo lenyewe mstari wa kwanza, salamu zikafuata chini. Zaituni nilimpigia mwenyewe, saa tano asubuhi, makusudi, ili nisiiguse saa yake.

Fomu halisi ninayo hapa mezani, ina tone la matope kwenye kona. Pale chini imeandikwa "Jina la mwalimu wa somo", na wameweka mstari wa mtu mmoja tu.